Mkojo mchafu si ugonjwa: kuisoma karatasi ya maabara mstari kwa mstari

Bi mkubwa mmoja wa Makorora alifika dirishani kwetu na karatasi tatu alizozikunja ndani ya pochi, pamoja na pakiti za vidonge zilizobaki nusunusu. Karatasi zote zilikuwa za miezi mitatu ile ile, kila moja na mahali pake ilikotoka, na zote zilimpa jina moja: UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo.

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Mkojo wangu mchafu, wanasema. Dawa nimemeza, sindano nimechomwa, bado mchafu. Juzi nimeambiwa imeshakuwa UTI sugu. Nataka unipime kipimo kikubwa."

Nimefanya kazi ya maabara hapa Tanga miaka mingi, na sidhani kama ipo wiki inayopita bila mtu kuniletea neno hilo, "mkojo mchafu". Limekuwa kama jina la ugonjwa. Mtu akichoka, mkojo mchafu. Akiumwa kiuno, mkojo mchafu. Mtoto akikataa uji, apimwe mkojo, huenda ni mchafu. Na kweli ukiutafuta uchafu ndani ya mkojo hutaukosa, maana mkojo ndiyo taka yenyewe. Figo za mtu mzima huchuja maji kama lita 180 kutoka kwenye damu kila siku, zikarudisha karibu yote mwilini, na ile lita moja au mbili inayobaki ndiyo inayobeba vitu ambavyo mwili hauvitaki. Kwa hiyo anayeambiwa mkojo wake mchafu ana haki ya kuuliza swali moja tu: mchafu kwa kitu gani?

Jibu huwa limeshaandikwa kwenye karatasi, ila limeandikwa kwa vifupisho na alama za kujumlisha, na anayeipokea huangalia chini kabisa kwenye jina la dawa. Zile karatasi tatu za bi mkubwa nilizitandaza kaunta tukazisoma pamoja, na nitazitumia hapa kama mfano.

Kitu cha kwanza nilichokitazama hakikuwa vijidudu. Kilikuwa mstari ambao watu wengi huuruka: seli za epithelia. Hizi ni seli za ngozi laini inayofunika njia ya mkojo na sehemu za siri, nazo hubanduka kila siku kama ngozi ya kisigino inavyobanduka. Chache si tatizo. Zikiwa nyingi, hasa zile kubwa bapa, maana yake mkojo ule haukutoka kwenye kibofu ukaingia kikoponi. Ulipita kwanza juu ya ngozi, ukaizoa na kila kilichokuwa juu yake, chembe nyeupe na bakteria wakiwemo. Karatasi zote tatu ziliandika "nyingi" kwenye mstari huo, na zote tatu, mistari miwili chini yake, zikaandika bakteria na chembe za usaha, yaani hizo hizo chembe nyeupe za damu. Hapo mwenye kusoma angetakiwa asimame. Bakteria hao ni wa kibofu au ni wa ngozi? Kwa kikopo kile hakuna anayeweza kujua, hata aje na hadubini ya dhahabu.

Nikamuuliza alielekezwaje kutoa mkojo. Akacheka. "Nilipewa kikopo, nikaonyeshwa choo."

Hapa ndipo penye kasoro kubwa kuliko zote katika kipimo hiki, na haihitaji mashine kuiondoa, inahitaji sentensi nne. Unajisafisha kwa maji matupu, mwanamke akianzia mbele kwenda nyuma na kutenganisha mashavu ya uke, mwanamume asiyetahiriwa akirudisha govi. Unaanza kukojoa chooni. Bila kukata, unaingiza kikopo katikati ya mkojo unaotoka na kupata kiasi cha nusu kikopo. Unakitoa, unamalizia chooni. Mkojo wa mwanzo umeosha njia, wa katikati ndio tunaoutaka. Mwanamke aliye kwenye siku zake aseme, maana damu itaonekana na itaandikwa.

Kikopo nacho kiwe cha maabara. Nimeshaletewa mkojo ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka, ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi ambayo bado ilikuwa na utamu wake, na mara moja ndani ya chupa iliyosuuzwa kwa dawa ya kufulia nguo, ambayo inatosha kabisa kukipaka kipimo rangi ya damu isiyokuwepo. Halafu kuna muda. Mkojo unatakiwa upimwe ndani ya saa moja, au ukae kwenye friji. Bakteria wa matumboni akipata joto na chakula anaweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi; mmoja aliyeingia kikoponi saa mbili asubuhi anaweza kuwa na kizazi cha maelfu kufikia saa sita mchana. Na joto la Tanga la mwezi wa pili mnalijua. Mkojo uliosahaulika dirishani hula sukari yake wenyewe, chembe zake hupasuka, na uasidi wake hupungua. Kinachopimwa si mtu tena, ni kikopo.

Baada ya hapo ndipo kipimo kinaanza, nacho ni vipimo vitatu kwenye karatasi moja: jicho, stripu na hadubini.

Jicho ndilo la kale kuliko yote. Waganga walitazama mkojo kabla ya kuwapo hospitali, na wengine waliuonja. Mwingereza Thomas Willis aliandika katika karne ya 17 kwamba mkojo wa baadhi ya wagonjwa ulikuwa mtamu kama uliotiwa asali. Sisi tunatazama tu, tunashukuru. Manjano ya kukolea mara nyingi ni kiu: mtu kafunga Ramadhani, au kashinda juani bila maji. Vidonge vya vitamini B huupaka manjano ya kung'aa, na rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huugeuza rangi ya chungwa mpaka mgonjwa ambaye hakuambiwa hukimbilia hospitali. Mkojo wa rangi ya soda nyeusi au chai kavu nzito ni jambo jingine: huenda ni nyongo kutoka kwenye ini lenye shida, huenda ni chembe nyekundu za damu zinazopasuka ndani ya mishipa. Pwani hii iliijua kwa hofu kubwa homa ya mkojo mweusi, balaa linalofuatana na malaria kali. Robert Koch, yule Mjerumani wa vijidudu, aliishughulikia alipokuwa Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1890. Na mkojo mweupe kama maziwa, ambao ni nadra, unaweza kuletwa na minyoo wale wale wa matende na mabusha, wakiziba mishipa ya limfu hadi mafuta yavujie kwenye mkojo.

Ukungu peke yake haumaanishi usaha. Chumvi za kawaida hutuama mkojo unapopoa, na kilichotoka safi saa tatu kinaweza kuonekana kama maji ya kuoshea mchele saa tano.

Kisha stripu: kijiti cha plastiki chenye viraka vidogo, kwa kawaida 10, kila kimoja kikiwa na kemikali zake. Wazo la kuchovya na kusoma papo hapo lilienea baada ya mwaka 1956, pale Helen Free na mumewe Alfred, wanakemia wa Marekani, walipotoa stripu ya sukari. Kabla ya hapo ilikuwa ni kuchemsha mkojo na kemikali kwenye bomba la kioo. Stripu ni nyepesi mno kiasi kwamba watu huidharau, na kuidharau ndiko kunakoharibu majibu. Kila kiraka kina muda wake: sukari husomwa baada ya sekunde 30 hivi, chembe nyeupe zinasubiri hadi dakika mbili. Anayechovya, akaenda kumhudumia mteja mwingine, akarudi na kusoma, amesoma rangi ya uongo. Chupa ya stripu ikiachwa wazi kwenye unyevu wa pwani hii, viraka huharibika kabla havijaguswa na mkojo wa mtu yeyote, na kile cha naitraiti huwa cha kwanza kusingizia.

Naitraiti ndiyo niipendayo kuifafanua. Mkojo una naitreti ya kawaida kutoka kwenye chakula. Bakteria wengi wanaosababisha UTI, hasa E. koli, huibadilisha kuwa naitraiti, na kiraka kikigeuka waridi, ushahidi ni mzito kwamba bakteria wapo. Ila wanahitaji muda wa kuifanya kazi hiyo, kama saa nne ndani ya kibofu. Mtu mwenye UTI ya kweli hukojoa kila baada ya nusu saa, matone mawili matatu, yanachoma. Mkojo wake ni kama msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Haukai kibofuni muda wa kutosha kuacha alama. Ndiyo maana mkojo wa kwanza wa asubuhi ni bora kwa kiraka hiki, na ndiyo maana naitraiti ikikosekana haimsafishi mtu. Wapo pia bakteria wasioijua kazi hiyo kabisa.

Kiraka cha chembe nyeupe chenyewe hakioni bakteria. Kinaona askari wa mwili. Askari wakiwapo kuna ugomvi, lakini ugomvi unaweza kuwa wa kibofu, wa fangasi wa ukeni, wa kisonono, wa jiwe la figo, hata wa kifua kikuu cha figo, ambacho huleta usaha mwingi huku bakteria wa kawaida hawaonekani. Kiraka hiki na kile cha naitraiti vikikubaliana, na mtu ana dalili, hapo neno UTI lina miguu ya kusimamia. Kikiwa kimoja tu, na mtu hana dalili yoyote, halina.

Protini ni mstari ambao wajawazito hawapaswi kuuruka. Figo nzima huzuia protini. Kidogo inaweza kupita wakati wa homa au baada ya kazi nzito, ikapotea. Lakini mama mwenye mimba iliyovuka wiki 20, presha ikafika 140 kwa 90 au zaidi na protini ikaonekana, yuko kwenye njia inayoelekea kifafa cha mimba, na hapo siku moja ina thamani. Ndiyo sababu kliniki humwomba mkojo mara kwa mara ingawa yeye hajisikii mgonjwa. Mwenye kisukari naye aelewe kwamba stripu ya kawaida haioni uvujaji wa mwanzo kabisa wa protini. Kwa huo kuna kipimo chake cha pekee, na kungoja mpaka stripu igeuke kijani ni kuchelewa.

Ketoni: huonekana mwili unapochoma mafuta badala ya sukari. Aliyefunga toka alfajiri, mjamzito anayetapika, mtoto aliyekataa chakula. Mwenye kisukari mwenye ketoni nyingi na anayetapika aende hospitali mara moja. Bilirubini ni ya ini na nyongo. Urobilinojeni, inayotokana na bilirubini hiyo, kidogo ni ya kawaida, msishtuke mkiona namba. Uzito wa mkojo na uasidi wake husaidia kusoma vingine, vyenyewe haviogopeshi. Na mkiona herufi NAD, ni habari njema: hakuna kasoro iliyoonekana.

Nirudi kwa bi mkubwa. Karatasi yake ya tatu, kwenye mstari wa sukari, ilikuwa na alama tatu za kujumlisha. Hakuna aliyemwambia. Macho yote yalikimbilia chembe za usaha, kalamu ikaandika dawa ya UTI, na sukari ikabaki pale inawaangalia.

Figo hurudisha sukari yote kwenye damu mpaka sukari ya damu ipande na kupita kiasi cha milimoli 10 kwa lita. Ikizidi hapo, figo hushindwa na sukari humwagika kwenye mkojo, ikivuta maji nyuma yake. Ndiyo kiu, ndiyo kuamka usiku mara nne. Nilimuuliza taratibu, na yeye akajibu kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa: anaamka usiku, anakunywa maji jagi zima, na huko chini kunamwasha mno. Kuungua wakati wa kukojoa? Hapana, kuwasha. Dalili zote hizo amekuwa akizieleza, na kila alipotaja kukojoakojoa tu, neno UTI lilishamalizia sentensi.

Nilimweleza namna ya kutoa mkojo, akatoa upya. Seli za epithelia zikashuka hadi chache. Bakteria sikuwaona. Chini ya hadubini nikaona fangasi, vijiduara vinavyochipua vijiduara, wale wanaonenepa sehemu yenye sukari, na ambao antibiotiki huwafungulia mlango kwa kuua bakteria wema wa ukeni. Yaani kila dozi ya UTI aliyomeza ilikuwa ikimwongezea kile kilichokuwa kinamwasha.

Sikumwambia una kisukari. Mkojo hauna mamlaka hayo na mimi pia sina: kuna mtu ambaye figo zake huachia sukari mapema ingawa damu yake iko sawa, kuna wajawazito, na siku hizi kuna dawa za kisukari zinazofanya kazi kwa kuisukuma sukari itoke kwenye mkojo kwa makusudi. Hukumu hutolewa na damu. Sukari ya damu ya mtu ambaye hajala ikiwa milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na ikarudiwa ikawa vile vile, daktari ana la kusema. Nilimwandikia majibu, nikamsisitiza amwone daktari siku ile ile, akaenda. Alikuwa na kisukari.

Kinyume chake pia hutokea. Stripu ya sukari, na ya damu pia, hudanganywa na vitamini C, ikaandika hakuna wakati kipo. Sisemi chungwa moja la Muheza. Nasema mtu anayemeza vidonge vikubwa kila siku kwa ajili ya mafua.

Kuhusu hadubini nitasema machache ingawa ndiyo kazi niipendayo. Mkojo kiasi cha mililita 10 huzungushwa kwenye mashine dakika tano, mashapo yakatuama chini, tone la mashapo hayo likawekwa kwenye kioo. Tunahesabu chembe nyeupe kwa kila eneo moja linaloonekana chini ya lenzi kubwa, na hiyo ndiyo maana ya HPF kwenye karatasi. Moja hadi tano kwa kawaida si habari. Naona karatasi zilizoandikwa 3 hadi 4 na pembeni dawa ya siku saba. Huko ni kutibu namba. Kuna chembechembe za chumvi zenye maumbo mazuri, nyingine kama bahasha, nyingine kama mfuniko wa jeneza, na peke yake mara nyingi hazina tatizo. Kuna vimelea wa trikomona wanaochezacheza kama wanacheza ngoma ya mdumange. Na kuna vipande virefu kama vijiti vilivyofinyangwa ndani ya vijibomba vya figo. Vikiwa na chembe nyekundu ndani, figo yenyewe inaumwa, na mtu wa maabara asiye na haraka anaweza kuwa wa kwanza kuligundua hilo.

Sasa hiyo "UTI sugu". Kama kweli mtu ana dalili, ametibiwa na hazikwisha, hatua inayofuata si sindano kali zaidi. Ni kuotesha mkojo: unawekwa kwenye chakula cha bakteria, unasubiri siku moja au mbili waote, wanahesabiwa, kisha wanajaribiwa kwa dawa mbalimbali kuona ipi inawaua. Kiwango kinachotumiwa sana, makoloni (vishada vya bakteria walioota) 100,000 kwa mililita, kilitokana na kazi ya Edward Kass huko Boston miaka ya 1950, na daktari hukisoma pamoja na dalili, kwani mwenye dalili kali anaweza kuwa mgonjwa hata kwa idadi ndogo. Kuotesha kunachukua muda na hakupatikani kila zahanati. Lakini ukipiga hesabu ya dozi nne za kubahatisha, nauli za bodaboda na siku za kazi zilizopotea, sidhani kama ni ghali. Antibiotiki ya kubahatisha, tena iliyokatishwa katikati, inawaacha hai bakteria wale wagumu tu, nao hawabaki kwako. Wanahama nyumba nzima.

Jambo jingine hushangaza watu nikilisema: bakteria wanaweza kuoteshwa wakaota wengi, na mtu asihitaji dawa. Wanawake wazee, wenye kisukari, wenye mpira wa mkojo, mara nyingi hubeba bakteria kibofuni bila dalili, na kwa kawaida kuwatibu hakuwasaidii. Wanaotibiwa hata bila dalili ni hasa wajawazito, kwa kuwa kwao bakteria hao hupanda kwenye figo kwa urahisi, na wale wanaokwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo.

Nikitaja wajawazito nakumbuka kipimo cha mimba, kile cha mistari miwili. Leo kinauzwa duka la dawa kwa bei ya soda. Kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1960, mkojo wa mwanamke uliingizwa kwa sindano kwenye mwili wa chura jike wa Kiafrika, chura wa maji mwenye makucha, na chura akitaga mayai kesho yake, mama ana mimba. Homoni ile ile iliyomtagisha chura ndiyo inayochora mstari wa pili.

Bi mkubwa alirudi baada ya wiki kadhaa, uso umenawiri. Safari hii hakuja kwa ajili yake. Alimshika mkono mjukuu wake wa miaka 11, na mkono mwingine una karatasi.

"Mwanangu, nimeisoma mwenyewe. Wameandika UTI. Lakini huku juu pana damu, alama tatu. Na dawa kameza, bado anakojoa nyekundu."

Alikuwa ameisoma kuliko walioiandika. Mtoto wa kiume wa umri huo kupata UTI ya kawaida si jambo la kila siku. Kiraka cha damu kikigeuka, kimeona chembe nyekundu, au rangi yake tu iliyomwagika, au rangi ya misuli iliyojeruhiwa. Hadubini ndiyo inayotenganisha. Na kwa mtoto wa mkoa huu swali la kwanza si la dawa: mwanangu, unaogelea wapi?

Aliona haya kidogo. Likizo ya Desemba alikuwa kwa ndugu zake Muheza, kuna bwawa.

Kichocho cha kibofu ni ugonjwa wa pwani yetu, huku Tanga na visiwani, wakati cha tumbo ndicho kinachosumbua zaidi kanda ya ziwa. Mdudu wake aligunduliwa Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, ndiyo maana wazee wengine husema bilhazia. Konokono wadogo wa maji yaliyotulia huachia viluwiluwi visivyoonekana kwa macho, navyo hupenya ngozi ya anayeoga, anayefua, anayepanda mpunga. Minyoo hukomaa, dume na jike hukumbatiana ndani ya mishipa ya damu karibu na kibofu, na baada ya miezi miwili mitatu mayai huanza kutoka. Ndiyo sababu likizo ya Desemba ilijionyesha mwezi wa nne. Sehemu nyingi za Afrika wavulana kukojoa damu kulizoeleka kiasi cha kuonekana ni dalili ya kukua. Kwa kweli ni mayai yenye mwiba yanayochana ukuta wa kibofu. Yasipotibiwa kwa miaka, huacha kovu, huziba mirija mpaka figo zikaumia, na huongeza hatari ya saratani ya kibofu. Kwa wanawake hujeruhi pia uke na shingo ya kizazi, na wengi wao hutibiwa kama wenye magonjwa ya zinaa.

Na hapa sheria zangu zote za juu zinapinduka. Nilisema mkojo wa asubuhi, nikasema wa katikati. Kwa kichocho tunataka wa mchana, kati ya saa nne na saa nane, kwa sababu ndipo mayai hutoka kwa wingi, na tunataka hasa matone ya mwisho, pale kibofu kinapojikamua. Na mtoto akiwa ameruka na kukimbia kabla, ni bora zaidi. Anayepima kichocho kwa mkojo wa alfajiri anaweza kukikosa mchana kweupe. Ndiyo maana humuuliza mtu anatafutiwa nini kabla sijampa kikopo, na ndiyo maana siwaamini wanaopokea kikopo bila kumtazama aliyekileta.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nikamwambia mtoto akacheze mpira, arudi saa sita, na asikojoe njiani. Bibi yake akaguna: "Mie nilidhani nimeleta mgonjwa, kumbe nimeleta mchezaji."

Walirudi mtoto anahema, jezi imemganda mgongoni. Tulichuja mililita 10 kwenye karatasi ya chujio, nikaweka chini ya lenzi. Yalikuwapo, marefu kama mbegu ya tikiti, kila moja na mwiba wake mkiani. Nikamwita mtoto apande kwenye stuli aangalie. Alinyamaza muda mrefu, jicho moja kalifumba.

"Hivi ndivyo vilivyomo ndani yangu?"

"Ndivyo."

"Vingapi?"

Nikamwambia ahesabu mwenyewe. Alisogeza kioo polepole kama nilivyomwonyesha, akitaja kwa sauti, bibi yake akifuatisha kwa vidole. Alipofika 17 akasimama. Nikahesabu na mimi, nikapata 17, nikaandika kwenye karatasi, mayai 17 kwa mililita 10, na nikawaelekeza kwa daktari akampime uzito, kwa kuwa prazikwanteli, dawa ya kichocho, hutolewa kwa kilo, miligramu 40 kwa kila moja.